Njuka wa mwaka huu: shajara ya kuwapokea kidato cha kwanza

Wiki 3 kabla ya kufungua

Kikao cha kwanza kimefanyika maktaba. Tuko wanne: mimi, mwalimu wa ushauri nasaha, mtunza maktaba aliyejitolea mwenyewe, na mwalimu wa hisabati ambaye alikuja kurudisha kitabu tukamkalisha. Mkuu wa shule ameridhia mradi kwa sharti moja, kwamba tusiguse ratiba ya vipindi. Tumekubali bila kubishana. Hata hivyo hatukuwa na ubavu wa kuigusa.

Shajara hii ninaiandika kwa sababu mwaka jana tulifanya mengi, na leo hakuna anayekumbuka yalikuwa yapi. Ninachokumbuka mimi ni siku moja ya makaribisho yenye hotuba saba, na kijana mmoja aliyetoka shule ya msingi na alama za juu akakaa miezi bila kunyoosha mkono. Karibu na mwisho wa mwaka nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mwalimu, sikujua kama huku mtu anaruhusiwa kuuliza." Katika hotuba zote saba hakuna aliyelitaja hilo.

Mwalimu wa hisabati alitaka kujua kama tatizo ni letu peke yetu. Nikamtolea ripoti ya mwaka 1999 ambayo Maurice Galton, John Gray na Jean Rudduck waliiandikia serikali ya Uingereza: hadi wanafunzi 2 kati ya 5 hawakupiga hatua iliyotarajiwa katika mwaka unaofuata kuhama shule. Akaisoma, akaguna. "Kwa hiyo nisiwalaumu walimu wa shule ya msingi." Ninaliandika neno hilo hapa ili nimkumbushe siku akiwalaumu.

Wiki 2 kabla

Leo nimeingia getini nikijifanya mgeni, na ratiba mkononi. Nimeshindwa kufika kipindi cha pili.

Kwanza ni vifupisho. Kwenye ratiba imeandikwa HIS. Sisi tunajua ni Historia, maana Hisabati tunaiandika HSB. Mtoto atajuaje? Hisabati nayo inaanza na HIS. Halafu majina ya walimu yameandikwa kwa herufi mbili mbili, kana kwamba kila anayesoma ratiba amekaa nasi ofisini miaka kumi. Halafu namba za vyumba: chumba cha 7 kiko nyuma ya chumba cha 12, kwa kuwa lile jengo liliongezwa baadaye na aliyepanga namba alikuwa na sababu zake.

Shule ya msingi mtoto alikuwa na chumba chake, dawati lake, na mara nyingi mwalimu mmoja aliyejua hata siku aliyoamka vibaya. Huku anapewa walimu wanane au kumi, kila mmoja na mtindo wake wa kuandika tarehe, na kila mmoja akiamini kwamba wenzake wamekwisha kumweleza mtoto mambo ya msingi.

Tumeandika ratiba upya, majina ya masomo yakiwa kamili. Ramani tumewapa kidato cha pili waichore. Mwanzoni nilitaka kuichora mwenyewe, na ni heri sikufanya hivyo. Yangu ingeonyesha majengo. Yao inaonyesha choo ambacho mlango wake haufungi, bomba lisilo na foleni, na benchi ambalo njuka hakai kwa sababu kidato cha nne wamejimilikisha. Juu ya benchi hilo wamechora fuvu la kichwa. Mwalimu wa nidhamu alitaka lifutwe. Tumeliacha.

Wiki 1 kabla

Mambo mawili.

La kwanza ni kaka na dada walezi: mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu kwa kila wageni wanane. Niliomba majina kwa walimu, nikaletewa orodha ya viranja na wenye alama nzuri. Nimeipitisha jinsi ilivyo, maana muda umekwisha.

La pili ni barua. Mwaka 2019 Geoffrey Borman na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule 11 za wilaya moja ya elimu nchini Marekani. Watoto waliokuwa wamehamia shule mpya walisoma maneno ya waliowatangulia, wakieleza walivyokuwa na wasiwasi na jinsi ulivyoisha, kisha wao wenyewe wakaandika. Makosa ya nidhamu yalipungua, mahudhurio yakapanda, na waliofeli masomo wakawa wachache kuliko wenzao ambao hawakupewa zoezi hilo. Nguvu ya zoezi lenyewe haiko kwenye kumsifu mtoto. Linamwonyesha kwamba hofu aliyo nayo haimaanishi kuwa amekosea njia, kwamba ni hali ya kila mgeni, na hupita.

Kwa hiyo tumewakalisha kidato cha pili na kuwaomba waandike walichoogopa mwaka jana na hali ilivyo sasa. Katazo letu lilikuwa moja, wasimpe mtu nasaha. Kulitii kumewashinda. Barua za kwanza zote zilijaa "soma kwa bidii, heshimu walimu, epuka makundi mabaya". Watoto wameshajua watu wazima wanapenda kusoma nini. Tukazirudisha. Raundi ya pili ndipo maneno yalipoanza kutoka. Msichana mmoja ameandika kwamba wiki za kwanza alikuwa anakula harakaharaka kisha anakimbilia maktaba kujifanya anasoma, asionekane amekaa peke yake. Amemalizia: "Siku hizi sikumbuki hata niliacha lini." Mtunza maktaba aliisoma mara mbili. Alidhani mtoto yule anapenda vitabu.

Siku ya kwanza

Hotuba moja, dakika 10. Mkuu wa shule alitimiza ahadi, ingawa dakika ya tisa nilimwona akitafuta njia ya kuingia hadithi ya pili.

Baada ya hapo makundi ya wanane wanane na walezi wao, matembezi na ramani mkononi. Mchana tumefanya kitu ambacho mwalimu mmoja amekiita cha kitoto: tumewafundisha kupanga begi. Unachukua ratiba ya kesho, unaangalia masomo, unatoa yasiyokuwepo, unaweka yaliyopo. Kijana mmoja alikuja na vitabu vyote na madaftari yote, begi limemvuta mabega mpaka anatembea ameinama kama anatafuta sindano. Nikamuuliza kwa nini. "Nisije nikakosa kitu, mwalimu." Tukapanga naye. Alipolinyanyua begi la kesho, alicheka.

Usiku huu nimechoka, sina la kuongeza.

Wiki ya 1, Ijumaa

Barua zimesomwa. Darasa lilikuwa kimya namna ambayo sijaiona kwenye kipindi changu. Kisha wameandika za kwao. Tumewaahidi kwamba hazitasahihishwa wala kusomwa mbele ya mtu, na mwalimu wa ushauri nasaha amezifungia kabatini. Mmoja amejaza kurasa tatu. Mwingine ameandika sentensi moja kwamba yeye haogopi kitu, akaikunja karatasi mara nyingi mpaka ikawa kama kidonge.

Wiki ya 2

Jambo baya, na chanzo chake ni mimi.

Mmoja wa kaka walezi, kiranja, amegeuza wageni wake wanane kuwa watumishi. Mmoja anabeba begi lake, mwingine anamshikia nafasi kwenye foleni ya chakula, na ambaye hakufanya haraka alisimamishwa kwa mguu mmoja nyuma ya maabara. Tumejua kwa bahati tu, kwa sababu mtunza maktaba aliuliza kwa nini mtoto wa kidato cha kwanza anarudisha kitabu cha kidato cha tatu.

Mwalimu wa nidhamu amemshughulikia kiranja. Mimi nimejishughulikia mwenyewe. Tulimpa mtoto wa miaka kumi na sita cheo na watu wanane, wala hatukumwambia mpaka wa cheo hicho uko wapi. Na yeye alipokuwa njuka alitendewa vivyo hivyo. Alisema hivyo mwenyewe, bila kuona kwamba anakiri jambo. Kwake huo ulikuwa ndio utaratibu wa kumpokea mgeni.

Tumevunja orodha nzima. Kisha mwalimu wa hisabati akatoa wazo ambalo nimelionea wivu: tuwaulize kidato cha pili, kila mmoja kwenye karatasi bila jina lake, "Nani alikusaidia mwaka jana bila kuambiwa na mwalimu?" Majina yaliyojirudia tumeyalinganisha na orodha ya kwanza. Limepatana jina moja. Wengine ni watoto ambao nisingewateua hata mara moja: mmoja mchelewaji maarufu, mmoja haongei darasani, mmoja alama zake ninaziona haya kuzitaja. Kesho tunawaita.

Mpaka wa cheo tumeuandika mara hii. Mlezi hatumi mtu, haadhibu mtu, na akiambiwa jambo la kuumizwa au kutishwa halifanyi siri, analileta kwa mwalimu wa ushauri nasaha siku ileile. Kidato cha kwanza nao wamesomewa maneno hayohayo, ili wajue cha kudai.

Wiki ya 3

Sanduku la maswali yasiyo na majina limefunguliwa. Utani mtupu. Nani anampenda nani, kwa nini mwalimu fulani ana viatu jozi moja (mimi ndiye huyo), lini shule itafungwa. Katikati ya takataka hizo kuna karatasi moja: "Ukichelewa kipindi kwa sababu ulikuwa chooni na mlango umekwama unasema nini?"

Tumekaa na swali hilo muda mrefu kuliko yote. Mtoto huyo hana tatizo la nidhamu, amekosa sentensi. Mtu mzima akichelewa kikao ana maneno yake tayari mdomoni. Mtoto wa miaka kumi na tatu mbele ya mwalimu asiyemjua, darasa zima likimtazama, hana. Basi anabaki nje mpaka kipindi kiishe, na kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro.

Mtunza maktaba amebandika ukutani karatasi aliyoiita Sentensi za Kuazima. "Samahani mwalimu, nimechelewa, nitaeleza baada ya kipindi." "Mwalimu, nimekufuata mpaka mstari wa pili, hapo ndipo nilipopotea." "Naomba kukaa nanyi, kuna mtu hapa?" Tumewaambia walimu wote kwamba mtoto akiitumia ya kwanza anaingia kwanza, maswali baadaye. Mmoja alilalamika kwamba watoto watatumia vibaya. Inawezekana. Jana mmoja ameitumia ya pili kwenye kipindi chake, naye akajikuta akirudia mstari wa pili.

Wiki ya 4

Kila kitu kinakwenda vizuri. Hakuna anayepotea tena.

Wiki ya 5

Nimesoma nilichoandika wiki iliyopita na nimetamani kukifuta.

Kwenye njia hawapotei tena, ni kweli. Lakini Jumatatu mahudhurio yameshuka, kipindi cha mchana nimekuta watatu wamelala, na mtunza maktaba ameniambia kwamba wakati wa chakula maktaba ina wasomaji wengi mno. Baada ya ile barua anajua maana yake. Ameanza kuwapa kazi ndogo, kupanga rafu wawili wawili, na amekuwa makini kuchagua wawili gani.

Nadhani ninaona kilichotokea. Wiki za kwanza mtoto anatazamwa na kila mtu: walezi, walimu, wazazi wanaouliza kila jioni. Wiki ya tano watu wazima tumekwishapumua, na hapo ndipo kazi inakuwa nzito kweli na urafiki wa mwanzo, ule wa kushikana tu ili usizame, unaanza kuachana. Jacquelynne Eccles na wenzake waliandika mwaka 1993 juu ya mgongano huu: umri huu ndio mtoto anataka kupewa uamuzi zaidi na kuwa karibu na mtu mzima asiye mzazi wake, na shule inampokea kwa amri nyingi zaidi na walimu wasiomjua jina.

Waliolala nimewauliza mmoja mmoja. Kazi za nyumbani. Jumanne iliyopita darasa moja lilipewa kazi na walimu sita. Kila mmoja aliamini kazi yake ni ya nusu saa, na kila mmoja alikuwa sahihi. Jumlisha. Hapo ongeza kwamba mwili wa kijana anayebalehe unachelewesha usingizi wenyewe, halafu bado unadai saa 8 hadi 10 za kulala.

Tumetundika ubao ofisini. Kila darasa lina safu yake, na ukitoa kazi unaandika. Siku ikishapata kazi tatu, ya nne inahamia kesho yake. Kumetokea kelele. "Nikikuta ubao umejaa je?" aliuliza mwalimu mwenye masomo magumu na sauti kubwa. Mwalimu wa hisabati akamjibu, "Wahi kuandika." Wamenuniana siku mbili.

Wiki ya 6

Kikao cha wazazi na walezi. Nilijiandaa kuzungumzia alama, wao walitaka kuzungumzia ukimya. Karibu kila mmoja alisema kwa namna yake kwamba mtoto aliyekuwa akirudi na habari zote siku hizi ukimuuliza shule vipi anasema poa, anaingia chumbani. Tumependekeza swali jembamba, ambalo poa haitoshi kulijibu: leo ulikaa karibu na nani, kipindi gani kilikuchosha, nani amekuchekesha. Na ukiuliza mara moja, ukakosa jibu, uache.

Baada ya kikao bibi mmoja anayemlea mjukuu alinisubiri mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, kule alikotoka nilikuwa namjua mwalimu wake. Mtoto akiumwa nampigia. Hapa nimpigie nani?" Nilitaka kusema ofisi. Nikanyamaza, kwa sababu simu ya ofisi naijua. Wiki hii kila mzazi amepelekewa karatasi yenye jina la mwalimu wa darasa, namba ya kumpata na saa anazopatikana. Tulimshughulikia mtoto kama mgeni tukasahau kwamba na nyumba yake nzima imehamia shule mpya.

Wiki ya 7

Mitihani. Mradi umelala.

Wiki ya 8

Matokeo yametoka, na kuna vilio. Kilichoniuma zaidi ni cha msichana aliyekuwa wa kwanza kila mwaka tangu aanze shule, na sasa amekuwa wa 19. Alitaka arudi alikotoka. Nilimwambia maneno yote ya mwalimu, nikaona yanampita. Dada mlezi wake, yule asiyeongea darasani, alimtazama akasema, "Humu ndani wa kwanza tuko wengi. Wote hatuwezi kukaa kiti kimoja." Wakaondoka pamoja, mimi nikabaki na karatasi zangu.

Lakini nataka kuandika zaidi juu ya mwalimu wa hisabati, kwa maana amegundua jambo ambalo mimi sikulitafuta. Aliwaomba watoto walete daftari moja la mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, lile wanaloliona bora. Nilidhani anataka kuwafurahisha. Jioni nikamkuta ameyazunguka madaftari hayo, ameshika kichwa. Wiki tatu nzima amewafundisha sehemu na desimali, mambo ambayo wengi wao wamekwisha kuyafanya, tena kwa usafi kuliko wanavyomfanyia yeye. Kisha akaruka juu ya uwiano akidhani wanaujua, na katika madaftari mengi uwiano umeguswa ukurasa mmoja tu. "Nimewachosha pale wanapojua," alisema, "nikawakimbia pale wasipojua."

Halafu akasema kitu kingine. Mwandiko. Mtoto yuleyule, daftari la mwaka jana limepigiwa mistari kwa rula, la mwaka huu limeandikwa kama mtu anayekimbizwa. Alikuwa akiwakata alama kwa uchafu huo, mpaka alipoona wanachoweza.

Walimu wawili wengine wameyaomba madaftari. Mwakani tutayaomba siku ya kwanza. Na hajawalaumu walimu wa shule ya msingi, nimesikiliza kwa makini.

Wiki ya 9

Leo amefika mwanafunzi mpya. Familia imehama, ameingia katikati ya muhula, Jumatano, kipindi cha tatu kikiendelea.

Hatukuwa na kitu kwa ajili yake. Makundi ya wanane yamejaa. Ramani zimekwisha. Barua zilisomwa wiki ya kwanza. Kila tulichokijenga kilikuwa na mlango mmoja uliofunguliwa siku moja, na yeye amekuja umekwisha kufungwa. Nilimpeleka darasani mwenyewe, nikamkabidhi, nikarudi kipindini kwangu nikiwa na aibu.

Wakati wa mapumziko nilikwenda kumtafuta. Nilimkuta kwenye ngazi, kati ya yule kijana aliyekuwa na begi zito na yule wa karatasi iliyokunjwa kama kidonge. Walikuwa na ramani, imechakaa imeshikizwa kwa gundi. Choo kisichofungika wamekikata kwa kalamu, kumbe kimetengenezwa sina habari. Fuvu juu ya benchi limebaki, na pembeni wameandika "Ijumaa wanaondoka mapema".

Mgeni alitoa ratiba aliyopewa ofisini, akaweka kidole. "HIS ni ipi?"

Wale wawili wakatazamana. Hawajawahi kuiona HIS.

Nimekwenda ofisi ya karani. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akafungua kompyuta akaniambia ratiba za kidato cha kwanza ziko tatu, na zote zimeandikwa "mpya", niseme nataka ipi. Nimevuta kiti. Tumezifungua moja moja, tumefuta mbili, nikasubiri mpaka ile moja ikatoka kwenye mashine, nikaipeleka darasani kabla kengele haijalia.